Mchungaji Theodor Fliedner (1800–1864) na Chimbuko la Masista Wauguzi

Theodor Fliedner hakuwahi kufika katika nchi za Afrika Mashariki. Alifariki dunia mwaka 1864, miaka 23 kabla ya wamisionari wa kwanza kutoka Berlin kutia nanga Dar es Salaam. Hata hivyo, kila mahali ambapo sista wa Kilutheri amepima uzito wa mtoto mchanga chini ya mwembe, au amebisha hodi kwa mgonjwa asiyeweza kutembea hadi zahanati, hapo pana kazi yenye mizizi katika nyumba ya mchungaji huyo. Kwa sababu hiyo maisha yake yamepewa nafasi katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 100 ya usharika, ingawa hakuwa mzaliwa wa hapa wala hakuwahi kusimama katika mimbari yoyote ya hapa.

Alizaliwa tarehe 21 Januari 1800 katika mji mdogo wa Eppstein, Ujerumani, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Vita vya Napoleon vilipopita katika nchi ile, askari wagonjwa walijaa kila mahali, na baba yake aliambukizwa homa iliyoenea wakati ule akafa mwaka 1813. Mama alibaki mjane mwenye watoto wengi na mali kidogo. Theodor, aliyekuwa na umri wa miaka 13, aliujua umaskini wa nyumba ya mchungaji mapema kuliko alivyoijua theolojia. Alisoma kwa misaada ya watu wema na kwa kufundisha wengine, katika vyuo vikuu vya Gießen na Göttingen, kisha katika seminari ya Herborn. Hakuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi wenye akili ya kung'aa. Wote waliomfahamu, hata hivyo, walikubaliana kwamba alikuwa mtu asiyechoka.

Mnamo Januari 1822 aliingia Kaiserswerth, mji wa kale ulio kando ya mto Rhine, karibu na Düsseldorf. Mji huo ulikuwa wa Wakatoliki. Injili ilifika huko zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, kwa mikono ya mmisionari Suitbert aliyetoka Uingereza. Washarika wa Kiinjili walikuwa kama 200 tu, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mahameli pamoja na jamaa zao. Kijana huyo alikuwa hajazoea hata nyumba yake mpya wakati kiwanda kilipofilisika. Usharika ukabaki bila uwezo wa kumlipa mchungaji, wala kuitunza shule, wala kulipa deni la kanisa. Alipewa nafasi ya kuhamia usharika mwingine wenye nguvu, akakataa. Badala yake akachukua fimbo na mfuko, akaenda kuomba.

Safari zile za kuomba hazikuwa na utukufu wowote. Katika mji wa Elberfeld, uliokuwa na matajiri wacha Mungu, alikuwa na haya hata akakaribia kurudi mikono mitupu, mpaka mchungaji mwenzake mmoja alipomfundisha kwamba mwombaji wa kanisa anahitaji uvumilivu, ujasiri na ulimi mwepesi. Somo hilo alilishika maisha yake yote. Katika miaka ya 1823 na 1824 alizunguka Uholanzi na Uingereza, akarudi na fedha za kutosha kuuwekea usharika wake akiba ya kudumu. Wazee wa usharika wowote uliowahi kujenga kanisa kwa harambee wataelewa ni furaha gani iliyokuwapo siku ile.

Lakini mfuko wa fedha haukuwa mzigo mkubwa aliorudi nao. Kule Uholanzi aliona jinsi makanisa ya Wamenno yalivyokuwa na mashemasi wa kike, wanawake waliochaguliwa na kanisa ili kuwatembelea maskini na wagonjwa. Kule Uingereza aliona kazi iliyoanzishwa na Bibi Elizabeth Fry miongoni mwa wanawake wafungwa, na aliona pia shule za watoto wadogo ambao mama zao walishinda viwandani. Alitambua kwamba katika nchi yake mwenyewe Kanisa la Matengenezo lilikuwa na mahubiri mazuri na nyimbo nzuri, na huku watu hao watatu, yaani mfungwa, mgonjwa na mtoto wa maskini, hawakuwa na mtu.

Alianza na mfungwa. Tangu mwaka 1825 alikwenda kila Jumapili ya pili katika gereza la Düsseldorf, kwa miguu, baada ya ibada ya usharikani kwake. Aliwahi kuomba afungwe humo kwa majuma kadhaa ili ayajue maisha ya wafungwa kwa mwili wake mwenyewe. Wakubwa walikataa. Mwaka 1826 alisaidia kuanzisha chama cha magereza cha Rhine na Westfalia, ambacho kilikuwa cha kwanza cha namna hiyo Ujerumani.

Mwaka 1828 alimwoa Friederike Münster, mzaliwa wa Braunfels, aliyekuwa mlezi katika makao ya watoto yatima ya Düsselthal. Barua yake ya posa haikuwa ya mtu anayembembeleza mchumba. Alimweleza waziwazi kazi iliyomsubiri, akamweleza pia kwamba pale ambapo mapenzi ya mume na ya mke yatapingana, yeye anashikilia kwamba neno la mume ndilo lisimame. Friederike alikubali. Msomaji wa leo ana haki ya kusita mbele ya barua ile. Yafaa tu kukumbuka kwamba kazi yote iliyofuata ilisimama juu ya mabega ya watu wawili, na kwamba kwa muda mrefu vitabu vilitaja jina la mmoja.

Mnamo Septemba 1833 mwanamke mmoja aliyefunguliwa gerezani alifika mlangoni pa mchungaji, hana pa kwenda. Bustanini palikuwa na kibanda kidogo, upana wake kama hatua nne kila upande. Huko ndiko alikolazwa, katika dari ya kibanda, akipanda kwa ngazi ambayo usiku iliondolewa. Wengine wakamfuata. Walipohamishiwa nyumba kubwa zaidi, kibanda hicho hicho kikapokea, mwaka 1836, watoto wadogo wa mji, na shule ya chekechea ikaanza humo. Mwalimu wake Henriette Frickenhaus alifundisha watoto, na baadaye akafundisha wanawake vijana waliokuja kujifunza kuwalea watoto wa umri huo. Hapo palionekana jambo ambalo lilikuwa tabia ya Fliedner hata kufa kwake: hakuridhika na kutenda tendo la huruma. Kila mara alitaka awepo mtu aliyefunzwa kulitenda, na mtu huyo naye amfunze mwingine.

Kuhusu wagonjwa hali ilikuwa mbaya kuliko wasomaji wa leo wanavyoweza kudhani. Uuguzi haukuwa kazi ya heshima. Katika hospitali nyingi wagonjwa waliachwa mikononi mwa watumishi wa mshahara mdogo, wasiofunzwa, wengine walevi, na wengine waliokuwa wagonjwa zamani wakabaki humo kwa kukosa mahali pengine. Maskini aliyeugua nyumbani alihudumiwa na jirani, kama alikuwa na jirani. Watoto walikufa kwa kuhara, kwa surua na kwa vikohozi, na hakuna aliyeona ajabu. Wakatoliki walikuwa na masista wa huruma, kazi iliyoanzishwa Ufaransa na Vincent de Paul mwaka 1633, nao walisifiwa hata na Waprotestanti. Fliedner hakuona haya kujifunza kwao. Alitaka tu jambo hilo lijengwe juu ya msingi wa Agano Jipya, akamkumbuka Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea anayetajwa na Mtume Paulo katika sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi, na kwake yeye Fibi alitosha kuwa hoja.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1836 alinunua nyumba kubwa mjini Kaiserswerth kwa thaler 2,300, bila kuwa na fedha hizo. Wenyeji walikasirika. Waliogopa kwamba hospitali ingeleta maambukizo mjini, na wengi hawakufurahi kumwona mchungaji wa kundi dogo la Kiinjili akinunua nyumba kubwa namna ile. Tarehe 13 Oktoba 1836 kazi ilifunguliwa hata hivyo. Samani zilikuwa meza moja, viti vilivyovunjika mikono, vitanda vilivyoliwa na wadudu, na shuka chache. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana mtumishi, naye alikuwa Mkatoliki. Hilo lilifanyika bila mjadala wowote, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyeulizwa dhehebu lake mlangoni.

Shemasi wa kike wa kwanza aliitwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari wa Ruhrort. Alikuwa na umri wa miaka 48, naye alikuwa amemsaidia baba yake kwa miaka mingi katika kuwatibu watu. Alisita sana kabla ya kukubali, na inasemekana hali ya nyumba alipoiona mara ya kwanza haikumtia moyo. Alibaki. Katika mwaka wa kwanza masista wakafikia saba, wakawauguza wagonjwa 60 ndani ya nyumba ile, mbali na wale waliouguzwa majumbani mwao.

Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa mara mbili. Tangu mwaka wa kwanza kabisa uuguzi wa Kaiserswerth ulikuwa na miguu miwili, wodi na mtaa. Sista alifunzwa hospitalini kwa kuwa huko palikuwa na daktari, dawa na mama mkuu wa kumsimamia. Kazi aliyotayarishiwa, hata hivyo, mara nyingi ilikuwa nje, katika usharika, ambako angekwenda nyumba kwa nyumba. Huko alimwosha mgonjwa, alibadili matandiko, alipika uji, alifungua dirisha lililokuwa limezibwa miezi mingi, alimwonyesha mama namna ya kumsafisha na kumlisha mtoto, kisha akampelekea daktari habari ya yale aliyoyaona. Katika baadhi ya miji sista mmoja alikabidhiwa usharika mzima. Mafunzo yake yalikuwa na sehemu za namna tatu. Alijifunza kazi za mikono katika wodi za wanaume, za wanawake na za watoto. Alijifunza maelekezo ya daktari, pamoja na kutayarisha dawa. Na alifundishwa Maandiko na mchungaji mwenyewe, aliyewatungia masista orodha ndefu ya maswali ya kujichunguza, ikiwauliza kama wamekuwa wapole kwa mgonjwa msumbufu, kama wamepoteza muda, kama wamejisifu.

Wasichana waliokuja wengi walikuwa wa familia za kawaida, mabinti wa wakulima, wa mafundi na watumishi wa nyumbani. Walipita kipindi cha majaribio, kisha wakabarikiwa kwa kuwekewa mikono. Hawakuweka nadhiri ya maisha kama watawa. Waliahidi kutumika miaka mitano, na waliruhusiwa kuondoka ikiwa walitaka kuolewa au ikiwa wazazi wao waliwahitaji. Hawakulipwa mshahara. Walipewa chakula, mavazi, fedha kidogo ya matumizi, na ahadi kwamba katika ugonjwa na uzee nyumba mama ingewatunza. Vazi lao la buluu na kofia nyeupe lilifanana na la mwanamke aliyeolewa wa wakati ule, na hiyo ilikuwa busara ya Friederike na mumewe, kwani mwanamke asiyeolewa hakuweza kupita peke yake usiku barabarani kwenda kwa mgonjwa bila kusemwa. Kwa vazi hilo alipita.

Kwa binti wa mkulima wa mwaka 1840 mambo hayo yalikuwa mlango mkubwa. Alijifunza kusoma vizuri, alipata ujuzi, alisafiri, alisimamia wodi, na madaktari walimsikiliza. Lakini mlango huo ulikuwa na kizingiti kirefu. Nyumba iliongozwa kama familia, mchungaji akiwa baba na mkewe akiwa mama, na masista, hata wale wenye mvi, walikuwa mabinti. Utii ulidaiwa katika mambo makubwa na madogo. Sista alipelekwa mahali alipopangiwa, akahamishwa alipohamishwa. Vyama vya mashemasi wa kike vya baadaye, hata katika Afrika, vilirithi fadhila ya mpango huo pamoja na ugumu wake, na mazungumzo juu ya mshahara, sauti na cheo cha sista katika Kanisa yalianzia hapo.

Aliyelipa gharama kubwa kuliko wote alikuwa Friederike. Mume alikuwa safarini mara kwa mara, akichangisha fedha na kufungua vituo, na yeye ndiye aliyeshika nyumba, hospitali, masista, hesabu na watoto. Alizaa mara nyingi, na wengi wa watoto wake alizika wakiwa wadogo. Mwanamke aliyewafunza wengine namna ya kuwatunza watoto wachanga wa maskini aliyajua makaburi madogo kwa karibu. Tarehe 22 Aprili 1842 alifariki baada ya kuzaa mtoto asiyekuwa hai. Alikuwa na umri wa miaka 42. Hakuna sababu ya kumlaumu Fliedner kwa kifo hicho, kwani uzazi uliwaua wanawake wengi wakati ule, pamoja na wake za madaktari. Lakini ni kweli pia kwamba alikuwa mwepesi kuona uchovu wa maskini wa mjini, na mzito kuuona ule uliokaa naye mezani.

Mwaka uliofuata alioa tena. Alikuwa amekwenda Hamburg kumwomba Amalie Sieveking, mwanamke mashuhuri kwa kazi ya kuwatembelea wagonjwa na maskini, amsaidie kupata mwangalizi wa wauguzi. Bibi Sieveking alimwelekeza kwa Caroline Bertheau, aliyekuwa akisimamia wauguzi wa wanawake katika hospitali ya mji. Fliedner akamwekea Caroline mambo mawili achague: kuongoza wauguzi Berlin, au kuwa mke wake na mama wa Kaiserswerth. Alichagua la pili. Alikuwa mwanamke thabiti, na wakati wake nyumba ilikuwa haraka: chuo cha walimu wa kike, makao ya yatima, nyumba ya wanawake wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1852, na nyumba ya masista wazee.

Hapo ndipo alipofika mgeni ambaye jina lake lingekuwa kubwa kuliko la mwenyeji wake. Florence Nightingale, binti wa familia tajiri ya Uingereza ambayo haikutaka kusikia habari za uuguzi, alikaa Kaiserswerth majuma mawili mwaka 1850, akarudi mwaka 1851 akakaa kama miezi mitatu, akilala na kula pamoja na masista na kufanya kazi zao. Mwaka huo huo kijitabu chake juu ya nyumba ile kilichapishwa bila jina la mwandishi, nacho kiliisifu sana. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mtaalamu anayesikilizwa na serikali, alisema mambo makali zaidi: kwamba hospitali ilikuwa sehemu dhaifu kuliko zote pale, kwamba uuguzi wenyewe ulikuwa duni na usafi ulikuwa mbaya, lakini kwamba hakuona mahali pengine popote moyo safi na wa kujitoa kama ule. Katika sifa za Kaiserswerth sehemu ya kwanza ya ushuhuda huo husahauliwa. Haifai kusahauliwa. Nyumba ile ilianza kabla ya Pasteur na Koch kuwaonyesha watu vijidudu vya magonjwa, na wema wa masista haukuweza kuziba pengo la elimu ambayo haikuwapo bado. Pamoja na hayo, wapo wakati ule waliokuwa safi kuliko Kaiserswerth, na Nightingale alijua tofauti.

Alichokichukua Nightingale kilimfaa. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Kwa ushauri wake William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool, ambaye mwaka 1859 alikuwa amemwajiri muuguzi wa kuwahudumia maskini majumbani mwao, aliupanga mji ule katika mitaa, kila mtaa na muuguzi wake aliyefunzwa. Kutoka huko uuguzi wa jamii uliingia katika mikono ya serikali na mashirika, na watu wengi wanaoufanya leo hawajui kwamba sehemu ya nasaba yake hupita katika nyumba ya mchungaji.

Upande wa Kanisa, kazi ilienea kwa njia ya nyumba mama. Masista walipelekwa hospitali ya Elberfeld mwaka 1838, na Hospitali ya Wajerumani ya London mwaka 1846. Mwaka 1849 Fliedner mwenyewe alivuka bahari pamoja na masista wanne hadi Pittsburgh, Marekani, kwa mwaliko wa Mchungaji William Passavant wa Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1851 aliwafikisha masista Yerusalemu. Baadaye zilifuata Konstantinopoli, Smirna na Aleksandria, na mwaka 1860, Wakristo walipouawa kwa wingi katika Lebanoni na Siria, masista walikwenda Beirut kuwakusanya watoto yatima. Katika Bavaria, Mchungaji Wilhelm Löhe alifungua nyumba yake ya mashemasi wa kike Neuendettelsau mwaka 1854, kwa msimamo wa Kilutheri ulio wazi zaidi. Yafaa kusema hapa kwamba Fliedner mwenyewe alitumika katika Kanisa la Kiinjili la Prussia, ambamo tangu mwaka 1817 mfalme aliwaunganisha Walutheri na Wareformati, jambo ambalo Löhe hakulipenda. Juu ya masista, hata hivyo, walielewana.

Afya ya Fliedner haikuwa nzuri kamwe. Mapafu yalimsumbua, na safari ya mashariki ya miaka ya 1856 na 1857, iliyomfikisha Misri, ilimmaliza nguvu. Tangu hapo aliongoza kazi akiwa chumbani zaidi ya njiani, akiandika barua, akihariri kalenda yake ya Kikristo iliyosomwa na watu wengi, na akipokea wageni kwa sauti iliyofifia. Mwaka 1861 aliona jubilei ya miaka 25 ya nyumba yake, na wawakilishi wa nyumba nyingine za mashemasi wa kike wakakutana Kaiserswerth. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1864. Wakati huo masista wa Kaiserswerth walikuwa zaidi ya 400, katika vituo vipatavyo 100. Mkwewe, Mchungaji Julius Disselhoff, alishika uongozi, na Caroline aliendelea kuwa mama mkuu mpaka mwaka 1883, karibu miaka 20 baada ya kuwa mjane.

Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 1869, ilifunguliwa huko Bielefeld nyumba ya mashemasi wa kike iliyoitwa Sarepta, na Emilie Heuser, sista wa Kaiserswerth, akawa mama mkuu wake wa kwanza. Sarepta ikakua pamoja na makao ya wagonjwa wa kifafa ya Bethel chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Bodelschwingh alipoingia katika uongozi wa chama cha misioni kilichofanya kazi Tanga na Usambara tangu miaka ya 1890, aliwapeleka watumishi wa Bethel, wanaume kwa wanawake, wavuke bahari. Mmojawapo wa matunda ya mwanzo ulikuwa kituo cha Lutindi, katika milima ya Usambara, kilichofunguliwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, ambacho baadaye kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Katika vituo vya milima ile masista walifanya yale waliyofundishwa na waliomfuata Gertrud Reichardt: walisafisha vidonda, waliwapokea wazazi wenye watoto wenye homa, na waliwafundisha wasichana wenyeji kazi hiyo hiyo.

Kibanda cha bustani bado kimesimama Kaiserswerth, ambayo tangu mwaka 1929 ni sehemu ya jiji la Düsseldorf. Wageni huonyeshwa dari yake, na mahali ngazi ilipowekwa.